Mke Anayepika kwa Mkasi

Kuna kipindi katika ndoa yangu nilikuwa nikificha makaratasi. Msianze kunifikiria vibaya, hayakuwa barua za mwanaume. Yalikuwa maganda ya vidonge vya mchuzi, maboksi ya tui la nazi na pakiti za njegere. Nilikuwa nikiyakunja madogo madogo, nayatia ndani ya mfuko mweusi, naufunga mafundo mawili, kisha naamka kabla ya watu wote kwenda kuutupa mwenyewe. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwenye mume, watoto watatu na kazi ya ofisini, na bado naliogopa boksi la tui kama mtoto aliyeiba sukari.

Niliyekuwa nikimficha ni mama mkwe wangu.

Ilikuwa mwaka 2007. Mama alikuja kwetu Sinza kutoka Usangi, kule kwenye milima ya Upare, akiwa na barua ya daktari. Presha yake ilikuwa imepanda hadi 180 kwa 110, na mume wangu akaona ni vema akae nasi miezi miwili mitatu ahudhurie kliniki hapa Dar es Salaam. Nilifurahi kweli kweli. Mama huyu alinipokea vizuri tangu siku ya kwanza, ingawa mimi ni mtu wa Muheza na yeye alitamani mkwe wa kutoka huko huko milimani. Nilitaka arudi kwao na kusema, "Mke wa mwanangu anajua kutunza mtu."

Tatizo langu lilikuwa saa. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro asubuhi kuwahi daladala ya Posta, na kurudi saa moja na nusu usiku, wakati mwingine saa mbili kama foleni imekaza. Msichana aliyekuwa akinisaidia alikwenda kwao kwenye msiba mwezi Mei na hakurudi. Nikifika tu naingia jikoni bila kubadili hata nguo, watoto wakiuliza chakula kwa zamu.

Hivyo nilikuwa nimejifunza njia za mkato, kama wengi wenu mlivyojifunza. Jumamosi nilikuwa nakwenda Mlimani City, ambako palikuwa pamefunguliwa mwaka uliotangulia, 2006, na kwetu sisi wa Sinza ilikuwa kama Ulaya imehamia jirani. Nilikuwa nanunua tui la boksi, njegere za kugandishwa, tangawizi na kitunguu saumu vilivyokwisha kusagwa, na mchele wa pakiti usio na mawe. Nyanya za kopo na viungo vya mchuzi nilivipata kwa Mangi pale pale mtaani, hata kwa mkopo. Maharage yaliyokwisha kuchemshwa nilikuwa nayachukua kwa mama mmoja mwenye genge karibu na kituo, anakupimia kwa kikombe yakiwa bado ya moto. Kwa vitu hivyo niliweza kuweka wali, mchuzi na mboga mezani kwa dakika arobaini.

Sikuona haya yoyote mpaka jioni ya kwanza ya Mama. Tukiwa tumekaa barazani akatusimulia habari za jirani yake kule Usangi ambaye mwanawe ameoa mjini. Yule jirani alikwenda kuwatembelea, akarudi baada ya siku nne. Alipoulizwa kulikoni, akasema, "Yule mke anapika kwa mkasi. Hana kinu, hana kisu, ana mkasi tu. Anakata pakiti, anamimina." Watu wote wakacheka. Mume wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Nami nilicheka, halafu nikaenda jikoni, nikauchukua mkasi uliokuwa ukining'inia kwenye msumari, nikauficha chini ya magunia ya mkaa.

Kuanzia usiku ule nilikuwa nafungua pakiti kwa meno.

Nawaomba mnisamehe nitoke kidogo kwenye hadithi, maana jambo hili limenisumbua. Hii aibu ya pakiti tumeitoa wapi? Mama yangu mzazi alitulea katika miaka ile ya mwanzo ya themanini, watu wakipanga foleni ya sukari, sabuni na mafuta, na unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani ukiitwa unga wa Yanga kwa sababu ya rangi yake. Wakati ule mtu akija kwako ukampa chai yenye maziwa ya kopo, alikuwa akiisimulia mtaa mzima. Kopo lilikuwa heshima. Na kwa wanawake wa mjini, kununua kilichopikwa na mikono ya mwingine ni jambo la siku zote. Nani kati yetu anaamka usiku kukanda maandazi wakati anamjua wa kwenda kuyachukua? Andazi la jirani hatulifichi. Tui la boksi tunalificha.

Labda ni kwa sababu ya wale waliotulea. Nilipoolewa mwaka 1996 shangazi yangu alinipa mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu kipya cha ukindu, akaniambia mume akirudi jioni aisikie mbuzi inafanya kazi, atajua ameoa. Ile mbuzi nilihama nayo nyumba mbili. Mwaka 2007 ilikuwa stoo, watoto wameifanya farasi.

Basi wiki tatu zilipita. Mama alikuwa anakula vizuri, na kila jioni hakuacha kunisifu. "Mchuzi wako una ladha, mwanangu. Ule wa kwangu siku hizi naona umepooza." Nilikuwa natabasamu na kuangalia chini. Chumvi ya mezani nilikuwa nimeiondoa kama daktari alivyoagiza, na kwenye sufuria nilikuwa natia kidogo tu, kijiko kimoja cha chai kwa mboga ya watu sita. Nilijiona nimetimiza wajibu.

Siku ya kliniki niliomba ruhusa kazini, nikampeleka mwenyewe. Muuguzi akampima mara mbili. 178 kwa 108. Akamwuliza kama anameza dawa. Anameza, na mimi ndiye ninayemhesabia. Akamwuliza chakula. Mama akajinyoosha kwenye kiti na kusema kwa fahari, "Hapa napikiwa vya asili. Mwanangu hatii chumvi. Hata mezani haipo."

Muuguzi akanigeukia. "Mchuzi mnaunga kwa nini? Mnatumia vile vidonge, au unga wa mchuzi wa pakiti?"

Nikasema, "Mara moja moja."

Niliyasema hayo mbele ya mama aliyekuwa ananiamini, na kila jioni kwa wiki tatu nilikuwa natia vidonge vitatu na nusu pakiti ya unga wa mchuzi juu ya kile kijiko changu cha chumvi. Daktari akamwongezea dawa. Tulipokuwa tunarudi kwenye daladala Mama alinishika mkono njia nzima, akisema labda ni uzee, labda ni mawazo, Mungu ndiye anayejua. Mimi nilijua sehemu yangu.

Usiku ule, watu walipolala, nilitoa vitu vyangu vyote kabatini, nikavipanga chini ya taa na kusoma maandishi madogo. Sikuwa nimewahi kuyasoma. Nawaambieni jambo moja ambalo ningependa ningeambiwa siku nilipoanza kununua vyakula vya pakiti: vitu vilivyotiwa ndani huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikiwa cha kwanza. Kwenye vidonge vyangu neno la kwanza lilikuwa chumvi. Kwenye unga wa mchuzi, chumvi tena ilikuwa mbele mbele. Vidonge vya aina hii mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Kidonge cha gramu 4 basi kinaweza kukupa gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na siagi ya asubuhi.

Nikafanya hesabu ya sufuria yangu, nikakaa kwenye kigoda bila kusema kitu. Nilichokuwa nakiita kupika bila chumvi kilikuwa chumvi iliyobadili jina.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mume wangu alipotoka na watoto kwenda kunyoa, nikatandika mkeka uani, nikaleta pakiti zote, maboksi na makopo, na juu yake nikaweka mkasi. Nikamwita Mama.

"Mama," nikasema, "mke yule wa mjini anayepika kwa mkasi yuko hapa pia."

Alidhani natania. Nikamweleza yote, na zaidi habari za vidonge. Hakucheka. Alinyamaza kwa muda mrefu, akiwa ameshika boksi la tui mkononi na kuligeuzageuza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo jana nilimdanganya yule binti wa hospitali?"

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Pakiti hazikumuudhi kama lile la kumfanya shahidi wa uongo wangu. Nami sikuwa na la kujitetea, ila kusema, "Nisamehe, Mama. Niliona haya."

Akainuka na kwenda chumbani. Nilidhani amekwenda kufunga mizigo. Kumbe alirudi na kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka kwenye mkeka katikati ya makopo yangu, akakifungua. Ndani mlikuwa na mabonge ya magadi.

"Na mimi nina changu," akasema.

Siku za katikati ya wiki, nikiwa kazini, Mama alikuwa anawapikia wajukuu makande. Ninyi mnaowajua Wapare mnajua kwamba kwao makande ni zaidi ya chakula. Lakini mahindi ya kwetu mjini yalikuwa yanamgomea, na mkaa aliona unateketea bure, akaona aibu kuumaliza mkaa wa mwanawe. Kwa hiyo alikuwa anatia magadi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kipande kikubwa, makande yanalainika mapema. Daktari wa kule alikuwa amekwisha kumkataza. Magadi nayo yana sodiamu, kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi ambacho humsumbua mwenye presha, hata kama ulimi hausikii chumvi yoyote. Mama alilijua hilo. Alikuwa anakificha kitambaa ndani ya mto.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, nami nikafuata huku machozi yakiwa bado mashavuni, tukacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo tukaanza kazi. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka mingi, hivyo hakuna kitu kilichobaki bila kupangwa. Aliniamuru nigawe vile vitu mafungu mawili. Fungu moja ni vile vinavyokuokolea mikono: mchele uliochaguliwa, njegere, tui la boksi, tangawizi iliyosagwa, maharage ya gengeni, nyanya za kopo ambazo hazikutiwa chumvi. Fungu la pili ni vile vinavyokuokolea ladha: vidonge, unga wa mchuzi, soseji, samaki wa kopo wa chumvi, sosi za chupa. "Mikono nakuruhusu," akasema. "Ladha tutaitafuta wenyewe."

Sijapata kusikia mgawanyo mzuri kuliko huo, na nimesoma vitabu kadhaa vya mapishi. Nilipohakikisha kwa kusoma pakiti, karibu kila kitu kilikaa mahali pake. Ila ile tangawizi ya chupa nayo ilikuwa na chumvi, ikahamia upande wa pili.

Ladha tukaitafuta hivi. Kila Jumamosi tulikuwa tunachukua vitunguu maji kilo moja, vichwa vitano vya vitunguu saumu, tangawizi kipande cha kujaa kiganja, pilipili hoho mbili na nyanya zilizoiva kilo moja na nusu. Tunavisaga, kisha tunakaanga kwa mafuta kidogo na bizari nyembamba mpaka maji yanakauka na rangi inakuwa nyekundu ya kukoza. Vikipoa tunavipanga kwenye visanduku vya kutengenezea barafu na kugandisha. Jioni ukirudi unatoa vipande vitatu, unavitupa kwenye sufuria, mchuzi umeshaanza. Hivyo ndivyo vidonge vyangu mpaka leo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu (na aliyeishi Dar es Salaam mwaka 2006 wakati wa mgao hahitaji kufundishwa) unavitumia kesho yake, havingoji. Mwisho wa mapishi kamulia ndimu na utie majani ya giligilani. Ndimu inaudanganya ulimi kuhusu chumvi, na huo ndio udanganyifu pekee niliobaki nao jikoni.

Kwa maharage ya gengeni, mwulize muuzaji ametia nini. Nilipomwuliza yule mama yetu akasema bila kuficha kwamba anatia magadi, la sivyo mkaa unamla faida. Nikapatana naye aniwekee yasiyo na magadi kila Jumatano na Jumamosi, nikamwongezea kidogo kwa ajili ya mkaa. Alikubali mara moja. Wengi hawaulizi, ndiyo maana hawapati.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya jumuiya yetu kukutana nyumbani kwangu, na walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba Mama yupo, kwa hiyo walikuwa wanakuja pia kumjulia hali. Hesabu ilikuwa watu 25 na watoto wasiohesabika. Miaka ya nyuma zamu yangu ilikuwa ikifika naugua kichwa siku tatu kabla. Nilikuwa nalala saa nane usiku nikikaanga, halafu wageni wakifika niko jikoni nimevaa khanga yenye mafuta, nasikia nyimbo zao kupitia dirishani. Mara moja wageni waliondoka na mimi sikuwa nimekaa hata dakika kumi pamoja nao.

Safari hii, Ijumaa jioni, Mama aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda na kusema, "Leta mkasi."

Tulipanga chakula kwa mtindo wake wa mikono na ladha. Chapati 40 tulimwagizia mama wa mtaa wa pili anayeuza asubuhi. Nilimpelekea unga na mafuta yangu, nikamlipa kazi, na nikamwomba chumvi atie nusu ya kawaida. Kwa sambusa nilinunua manda zilizo tayari. Mnaojua kuchoma manda mnaelewa ni saa ngapi niliziokoa. Ndani tulitia nyama ya kusaga kilo mbili iliyokaangwa mpaka ikakauka, vitunguu vingi na pilipili. Watoto ndio waliokunja, wakigundisha kwa uji wa unga wa ngano, mdogo akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Nusu ya sambusa zilikuwa na pembe nne. Ukwaju tuliuloweka usiku, asubuhi tukauchemsha na kuuchuja, tukatia sukari na tangawizi mbichi.

Lakini makande ndiyo yaliyokuwa ya Mama. Kilo mbili za mahindi yaliyokobolewa aliziloweka tangu Ijumaa mchana, maji akibadilisha mara mbili, na Jumamosi akayaweka jikoni bila magadi. Alikubali yachukue muda wake. Maharage yalitoka gengeni yakiwa yameiva, hivyo yeye alichemsha mahindi peke yake, akayachanganya mwishoni pamoja na vipande kumi vya viungo vyetu, karoti, na maboksi mawili ya tui. Tui liliingia mwisho kabisa na moto mdogo, kwa maana likichemka sana linakatika. Aliyakata maboksi mwenyewe. Alinusa, akaonja kwa kidole, akasema, "Nazi imo." Kisha akaongeza kwa uaminifu, "Ile ya kukuna inalishinda hili." Na ni kweli, inalishinda. Siku ambayo nina muda nanunua nazi, na siku hizi kuna mashine za kukuna sokoni, kazi ya dakika mbili. Boksi nalitunza kwa siku ambazo sina hata hizo dakika mbili.

Wageni walipofika saa kumi nilikuwa nimeoga na kuvaa kitenge changu kizuri, nimekaa sebuleni. Mzee mmoja alinisalimia kama mgeni kwa mazoea ya kutoniona. Kwenye meza tuliweka chumvi kwenye kibakuli kidogo chenye kijiko, anayetaka ajitilie. Mama wawili walijitilia na kusema makande yamepooza. Wengine walikula na kuongeza bila kusema neno.

Katikati ya kula, mama mmoja mtu mzima, ambaye ulimi wake tunauogopa, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Haya yote nani kapika, na wewe unatoka kazini kila siku?"

Nikahisi joto la zamani likinipanda shingoni. Kabla sijajibu, Mama akasema, "Tumepika watatu. Mimi, mwanangu, na mkasi."

Akawasimulia. Aliwasimulia yote, ya vidonge na ya magadi, kitambaa ndani ya mto na mfuko mweusi wa alfajiri, wala hakutubakishia heshima hata kidogo. Watu walicheka, halafu ikatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mama mmoja akasema pilau lake linalosifiwa kwenye kila sherehe lina vidonge sita. Mwingine akasema keki yake ya Krismasi huwa anainunua na kuitoa kwenye boksi. Yule mwenye ulimi alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza pembeni kama zile pakiti ninaweza kumsomea, maana mume wake ana presha na yeye macho hayaoni tena maandishi madogo. Jumamosi iliyofuata alikuja na kikapu kizima. Tulikaa kwenye mkeka ule ule tukagawa mafungu.

Siku ya kliniki Mama alipimwa 150 kwa 92. Muuguzi aliandika na kusema tuendelee hivyo hivyo, na dawa asiache. Ni dawa iliyoongezwa au ni sufuria? Sikuuliza, na nadhani ni vyote viwili.

Mambo mengi yamebadilika tangu mwaka ule. Lile duka kubwa la Mlimani City liliuzwa kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, na Nakumatt nayo haikudumu. Mangi wetu bado yupo. Sinza imehamishwa kutoka Manispaa ya Kinondoni na kuwekwa Ubungo bila sisi kusogeza hata kiti, na kijana wa bodaboda anakuletea tui mpaka mlangoni ukimpigia simu. Pakiti zimeongezeka, na maandishi yake yamezidi kuwa madogo. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa akikunja sambusa za pembe nne, sasa ana kwake, na nikienda naona chupa za viungo zimepangwa mezani wazi wazi. Huwa nazigeuza nyuma nisome. Ananiambia, "Mama, nimeshasoma."

Mama mkwe aliondoka mwezi Septemba mwaka ule ule. Nilimsindikiza alfajiri kituo cha mabasi Ubungo, enzi hizo mabasi ya mikoani yalipokuwa bado yanatoka pale kabla ya kuhamia Mbezi mwaka 2021. Nilimfungia maboksi sita ya tui kwenye kikapu, chini ya khanga mbili mpya. Aliniachia kile kitambaa cha magadi, akasema nikitumie kuoshea sufuria zilizoungua.

Jioni yake niliporudi kazini nilitaka kufungua njegere, nikanyoosha mkono kwenye msumari. Mkasi haukuwepo. Nilitafuta chini ya magunia ya mkaa, nikawauliza watoto, nikamshuku hata mume wangu. Saa tatu usiku simu ikaita kutoka Usangi. Mama alikuwa amefika salama.

"Usihangaike kutafuta mkasi," akasema. "Ninao mimi."

Njegere nilikuwa nimeshazifungua kwa meno.